Kuthibitisha Kwamba Sifuri Jumlisha Tano ni Tano

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, sufuria kubwa na nafasi ya kusema machache. Kitenge nimekishona, sufuria inapika makande ya wajukuu, lakini ile nafasi ya kusema niliimaliza yote kwa kulia, mpaka mshereheshaji akaniketisha kwa upole ili wali usipoe. Kwa hiyo niliyotaka kuwaambia nayaandika hapa, ninyi vijana wa idara ya hesabu mliorithi lile kabati lenye mlango mbovu. Vyeo sitavizungumza, havikuwa vingi kiasi cha kujaza aya. Nitazungumza kazi yenyewe, na zaidi nitaeleza ile saa ya Ijumaa mchana ambayo mlikuwa mkiniuliza kwa nini naing'ang'ania hata magoti yakiniuma.

Nilifika Hanang nikiwa binti, nikitokea Kasulu, nimebeba begi la nguo na barua ya kupangiwa kituo. Siku hiyo hakukuwa na basi la kutoka Katesh kwenda upande wetu, nikapata lori la mahindi, nikakalia magunia hadi karibu na Balangdalalu. Shule ilikuwa na madarasa machache, nyumba mbili za walimu na upepo usiochoka. Asubuhi ya kwanza nilivaa viatu vya visigino, kwa sababu chuoni tulifundishwa kwamba mwonekano wa mwalimu ni sehemu ya somo. Sakafu ya darasa ilikuwa ya udongo. Kisigino kikazama mbele ya Kidato cha Kwanza, na nilipojivuta kiatu kikabaki, mimi nikaenda. Walinisubiri nikirudie, hakuna aliyecheka, na hapo nikajua nimefika mahali penye adabu.

Aliyenipokea alikuwa Mwalimu Tluway, mwalimu pekee wa hesabu shuleni, Mwiraqw wa milima ya Mbulu, mrefu, mwenye koti la kijivu alilolivaa kiangazi na masika. Jina lake linaanza na sauti ambayo ulimi wangu wa Kigoma haujaiweza hadi leo. Nilimwita nilivyoweza, naye akaitika hivyo kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja. Vifaa vyake vilikuwa kamba ya katani ya kuchorea duara, kopo la visoda vya kuhesabia, na ubao aliokuwa akiupaka mwenyewe kila likizo kwa ungaunga mweusi wa betri kuukuu za redio. Chaki aliigawa vipande kabla ya kipindi, kila mwanafunzi ajue kwamba cha kwake kipo na anaweza kuitwa mbele. Ninyi mna projekta sasa. Umeme ukikatika, kumbukeni kopo la visoda bado liko kabatini.

Wiki ya kwanza hiyohiyo niliharibu kipindi. Nilikuwa nafundisha kutoa, nikatunga mfano ambao niliuona unafaa kabisa kwa watoto wa wafugaji: baba ana ng'ombe saba, saba wamekufa, zizini wamebaki wangapi? Darasa zima kimya. Nikadhani hawajaelewa, nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, kama tunavyofanya walimu tukiamini kwamba kutojua ni tatizo la masikio. Bado kimya. Mwishowe kijana mmoja alisimama, akashika mikono nyuma, akaniomba kwa heshima kama ningeweza kutumia viazi.

Mwalimu Tluway alinieleza baadaye tukinywa chai. Wafugaji wa tambarare, aliniambia, hawapendi ng'ombe wa mtu wanyooshewe kidole na kuhesabiwa, na zizi tupu la mtu halisemwi hovyo, maana kulisema ni karibu sawa na kumtakia hilo. Mwenye mifugo jioni husimama mlangoni mwa zizi, wanyama wakaingia mmojammoja, naye anawajua kwa rangi na pembe na mwendo. Asiyeingia anamjua pia. Nikamuuliza kwa hiyo hesabu wanaijua au hawaijui. Akasema ng'ombe wanawajua, na mimi nisiwe na haraka ya kujua kingine. Tangu siku ile nilifundisha kutoa kwa viazi.

Saa ya Ijumaa ilikuwa yake. Baada ya kipindi cha mwisho, wanaotaka walibaki, na kazi ilikuwa moja tu: kuthibitisha mambo ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu anayeyatilia shaka. Mara ya kwanza nilikaa nyuma, na diploma yangu mpya, nikamwona akiandika ubaoni kwamba tano jumlisha sifuri ni tano, na chini yake kwamba sifuri jumlisha tano ni tano. Akawauliza wanafunzi kama hayo ni jambo moja au mambo mawili. Wote wakasema moja. Na mimi moyoni nilisema moja, nikajiuliza kama mzee huyu hana nyumbani kwa kwenda.

Alikuwa na swali ambalo alianza nalo kila mara: "Tumekubaliana nini?" Kabla ya kulijibu, hakuna mstari ulioruhusiwa ubaoni. Siku ile makubaliano yalikuwa mawili tu kuhusu kujumlisha. La kwanza, namba yoyote ukiiongezea sifuri inabaki vilevile. La pili, ukisogea hatua moja katika kile unachoongeza, na jibu linasogea hatua moja; kama tatu na nne ni saba, basi tatu na ile inayofuata nne ni ile inayofuata saba. Hayo mawili yakitimia, unaweza kujumlisha chochote duniani. Tano jumlisha sifuri ni tano kwa kuwa tumekubaliana hivyo, limekwisha. Lakini sifuri jumlisha tano hatujakubaliana. Msichana mmoja akasema tugeuze tu, sifuri ije nyuma. Mwalimu Tluway akamuuliza nani amempa ruhusa ya kugeuza, maana ruhusa hiyo haimo katika yale mawili.

Kisha akaijenga polepole. Sifuri na sifuri ni sifuri, kwa kubaliano la kwanza. Sasa tuseme tumefika namba fulani na tumeona kwamba sifuri ukiiongezea namba hiyo unapata namba hiyohiyo. Tukisogea hatua moja, jibu nalo linasogea hatua moja, kwa kubaliano la pili. Kwa hiyo sifuri na ile inayofuata ni ile inayofuata. Ukweli ulioanza kwenye sifuri unapanda hadi moja, kutoka moja hadi mbili, na hakuna mahali utakapokwama. Tano iko njiani tu. Nilitoka pale nikiona aibu kidogo na furaha nyingi. Kitu nilichodhani nakijua tangu darasa la kwanza, nilikuwa nimekijua siku ile.

Alipostaafu na kurudi kwao Mbulu aliniachia ile saa bila hotuba. Ijumaa iliyofuata wanafunzi walikuwa wamekaa wananitazama, nikauliza tumekubaliana nini, basi. Niliiendesha miaka yote. Mkaguzi mmoja alitaka kujua iko ukurasa gani wa muhtasari. Nilimwambia haimo, akaandika kwamba haimo, tukaagana vizuri. Wapo walimu wenzangu waliosema nawapotezea watoto muda ambao wangeutumia kukariri maswali ya mitihani iliyopita. Sikubishana nao sana, kwa sababu ufaulu wetu wa hesabu haukuwa wa kumpa mtu nguvu za kubishana. Nilichokiona ni kwamba mtoto aliyezoea kuuliza tumekubaliana nini haogopi tena ubao.

Regina alikuja kwenye saa hiyo tangu Kidato cha Kwanza. Alikuwa binti wa Mzee Gidahera, mfugaji wa Kibarbaig kutoka tambarare, na alikaa bwenini kwa kuwa nyumbani ni mbali kwa miguu. Msifikiri nawaletea habari za kipanga wa darasa. Alikuwa wa katikati, na mitihani ya haraka ilimchanganya. Alichokuwa nacho ni neno moja, "bado." Ukieleza hatua, wenzake wakaitikia kwa pamoja ndiyo madamu, yeye alisema bado, bila kiburi, akasubiri. Ilibidi urudi. Mara nyingi ukirudi unagundua kwamba kweli bado. Nilimpenda mtoto yule, sitaficha, ingawa siku za joto neno lile lilinitoa jasho.

Alipokuwa Kidato cha Tatu mvua ziligoma, na msimu uliofuata zilikuja kuchungulia tu. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Ninyi mliokuja baadaye mmeisikia. Mzee Gidahera alihamisha mifugo mbali kutafuta majani, na haikurudi. Mtu ambaye kundi lake likipita barabarani gari lilizima injini alibaki na punda. Regina hakuniambia kwa maneno hayo. Aliniambia kwamba nyumbani jioni hakuna tena vumbi zizini.

Ukoo wao haukumwacha. Ipo desturi kwamba mtu akiishiwa, ndugu hukaa chini na kila mwenye uwezo hutoa mtamba, mwenzao aanze upya. Walikaa, wakakubaliana, wakamtumia ujumbe. Akakataa. Alisema hatasimama mlangoni mwa zizi lake kupokea ng'ombe wa watu akijifanya ni wake. Aliamua kwenda Arusha kulinda nyumba ya tajiri, kama vijana wengi walivyofanya, na Regina aende Singida kwa shangazi yake mwenye mgahawa, akasaidie kuosha vyombo na kupika. Boma lingefungwa. Regina alinieleza hayo yote kwenye jiko la bweni, akichambua maharage, kisha akasema, "Nikienda kwa shangazi sirudi, madamu. Nawajua." Nilimuuliza kama mama yake anaweza kusema lolote. Akanikumbusha kwamba mama yake alishafariki, jambo ambalo nililijua, nikajilaumu kwa swali.

Nilikwenda kwa mkuu wa shule. Alisema tutamsihi mzee akija, lakini hatuwezi kumfunga mtoto kamba, na alikuwa anasema kweli. Nilifikiri maneno ya kumwambia mzee huyo. Niliyapanga vizuri: elimu, maisha ya kesho, serikali. Kila niliporudia kuyasema mwenyewe yalisikika kama tangazo la redioni. Niliogopa. Nilikuwa nimeshawaona wasichana wakiondoka na masanduku, na nilijua lango linavyobaki tupu baada ya hapo.

Mzee alikuja Ijumaa, saa ileile ya kwetu. Regina alikuwa ubaoni, zamu yake ya kuwafundisha wadogo wa Kidato cha Kwanza ile sifuri na tano, kwa sababu kila mwaka tulianza nayo. Nilimwona ameacha kuandika, macho yake yako dirishani. Mzee Gidahera alikuwa amesimama nje, shuka begani, fimbo mkononi. Watoto wote wakasimama wakamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nilitoka kumsalimia. Aliniuliza habari za kazi, nikamuuliza habari za nyumbani, akasema ni nzuri, kama desturi inavyotaka hata pale ambapo si nzuri. Akasema amemfuata binti, akusanye vitu vyake, waondoke kabla jua halijawachwea njiani.

Nilimwambia kipindi kinakaribia kuisha, aingie akae. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nanunua dakika. Aliegemeza fimbo mlangoni, akakaa dawati la nyuma, magoti yakimfika kifuani kwa udogo wa dawati. Akamwambia Regina aendelee, na yeye asikie hicho kinachowakalisha watoto shuleni Ijumaa mchana. Basi Regina akaendelea, kwa Kiswahili. Aliandika yote mawili, akawauliza wadogo zake kama ni jambo moja au mawili, nao wakasema moja.

"Naomba kuuliza, mwalimu," alisema Mzee Gidahera kutoka nyuma.

Nilimruhusu.

"Tano na hakuna, hiyo ni tano. Naiona. Mtu ana ng'ombe zake, leo hakijazaliwa kitu, kesho ni zilezile. Lakini hakuna na tano, hiyo si tano. Huyo ni mtu aliyeisha, watu wakamletea. Zitakaa kwake miaka mingi, bado ni tano za watu."

Hakuna mtoto aliyesogeza mguu. Wengi wao walikuwa wa tambarare, walijua amesema nini juu ya nani. Mtu mzima alikuwa amelitaja zizi lake mwenyewe mbele ya watoto, na hakuna aliyejua aangalie wapi. Mimi nilikuwa na majibu ya kiualimu, yalijaa mdomoni. Nikayameza, kwa sababu aliyekuwa ubaoni si mimi.

Regina akasema baba yake amesema sawa, na kwamba hata hapa shuleni ndivyo tunavyosema: hayo ni mambo mawili, na hakuna aliyepewa ruhusa ya kugeuza. Wadogo waliosema moja wakainamisha vichwa. Nilimwona mzee amenyanyua uso, maana nadhani alitegemea kupingwa.

Regina akafuta ubao. Akachora duara lenye mwanya, kila mmoja mle ndani akajua ni zizi, na ndani yake hakuweka kitu. Nilitaka kumzuia. Nilikuwa nimeishi pale miaka ya kutosha kujua kwamba mchoro huo mbele ya mtu huyo si mfano wa hesabu.

"Baba, hili si la mtu aliyeishiwa," alisema. "Hili ni la kijana. Amelijenga jana. Hajaingiza kitu bado."

Mzee alilitazama. Akatikisa kichwa taratibu, kukubali kwamba zizi la namna hiyo lipo.

Kando yake Regina akachora zizi jingine, akasema hili ni la mtu mwenye ng'ombe tangu zamani. Akauliza tumekubaliana nini, na wadogo wakamjibu. Akaanza tangu chini kabisa. Tuseme siku ya kwanza kabisa mwenye zizi hili hana kitu, na kijana hana kitu. Mazizi ni sawa au si sawa? Mzee akasema hilo halihitaji ada ya shule, na darasa likapata ruhusa ya kucheka kidogo. Akaendelea. Tuseme jana jioni mazizi mawili yalikuwa sawa, haijalishi yalikuwa na ngapi. Leo kwa yule wa zamani ameongezeka mmoja, na kwa kijana mlangoni ameingia mmoja. Jioni ya leo?

"Sawa," alisema mzee.

"Na kesho, kukiongezeka mmoja huku na mmoja huku?"

"Sawa."

Alikwenda hivyo, akiweka nukta huku na nukta huku, bila kutaja namba, na kila mara baba yake alisema sawa. Kila aliposema sawa Regina alimsubiri, kama alivyokuwa akitusubirisha sisi, kuona kama atasema bado. Hakusema. Mwishowe mazizi yote mawili yalikuwa na nukta tano, na Regina akaweka chaki chini.

"Basi baba, kama za kijana si zake, nionyeshe ni wakati gani zimeacha kuwa zake. Umekubali kila moja ikiingia."

Mzee Gidahera alifikiri. Alifikiri kweli, si kwa kutafuta pa kutokea. "Ya kwanza," alisema. "Hapo ndipo ilipoharibika. Ya kwanza alipewa."

"Wewe ya kwanza ulipata wapi?"

Wale mliokulia huku mnajua kwamba mtoto wa kiume wa Kibarbaig akiota jino la kwanza baba yake humpa ndama, na ndama huyo akikua na kuzaa, hapo ndipo kundi lake linapoanzia. Ni jambo la kujivunia, mtu anaweza kukutajia rangi ya ndama wake wa jino akiwa na mvi.

"Nilipewa na baba," alisema. "Nilipoota jino."

"Na kabla ya jino ulikuwa na ngapi?"

Mtoto mmoja wa Kidato cha Kwanza alicheka, akajiziba mdomo. Regina hakucheka. Aligeuka kwenye lile zizi la mtu wa zamani, akafuta nukta moja, na nyingine, mpaka likabaki duara lenye mwanya, sawasawa na la kijana. Akarudi kukaa kwenye dawati lake. Machozi yalikuwa yanamtoka, na mimi pia sikuwa salama.

Kengele ikagongwa. Watoto wakatoka wakimpita mzee kwa heshima, na mzee akabaki ameketi, anautazama ubao. Niliwahi kumsikia mtu akisema kwamba uthibitisho humlazimisha msikilizaji. Sijui. Mzee Gidahera hakuwa mtu wa kulazimishwa na chaki. Angeweza kusema hesabu ni hesabu na ng'ombe ni ng'ombe, akanyanyuka, na mimi nisingekuwa na neno. Alipotoka nje nilikwenda naye hadi langoni. Regina alikuwa ameshakwenda bwenini, kwa kuwa alikuwa ameambiwa akusanye vitu, na kumtii baba yake ilikuwa jambo lingine ambalo hakubishana nalo.

Tulisimama pale na upepo wetu. Mzee aliniuliza kama binti huyu hubisha hivi kila siku. Nikamwambia kila siku, na kwamba siku nyingine hunipotezea nusu ya kipindi. Akauliza kama na mimi hunishinda. Nikasema mara nyingi hunishinda, ila kwangu hana haja ya kulia. Nilitaka kumsihi, yale maneno yangu yaliyopangwa yalikuwa bado yapo, elimu na maisha ya kesho na serikali. Nilimwangalia usoni, nikaona hayana kazi, nikayaacha.

Regina alikuja na sanduku kichwani, ameshikilia kwa mkono mmoja, godoro limekunjwa chini ya kwapa. Wenzake walimsindikiza hadi kona ya bweni wakaishia hapo. Alipofika alitua sanduku chini, akasimama mbele ya baba yake na macho chini.

"Hilo la nini?" aliuliza baba yake.

"Ulisema nije nalo."

"Nilisema." Aliweka fimbo begani. "Uzio wa zizi umeoza, mimi naenda kukata miiba. Hilo sanduku lirudishe ndani. Jumatatu si una shule?"